Ukurasa Unaotangulia Hadithi: Riwaya ya Taharuki na Wajibu wa Ukweli

Swali la iwapo riwaya za taharuki zenye maudhui ya kidini humpotosha msomaji kuhusu historia na imani aghalabu hujibiwa kwa pupa. Baadhi ya viongozi wa dini huona kufuru katika kila ubunifu. Watetezi wa riwaya pendwa nao hujikinga kwa kauli kwamba hadithi ni hadithi tu. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinalitafuta kosa mahali pasipo pake. Mfano wetu ni The Da Vinci Code ya Dan Brown (2003).

Kwanza, kubuni juu ya historia takatifu si kosa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vikali baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, ilhali msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukufikia mapigano na Warumi. Hata hivyo, utendi huo unajitambulisha: unafungua kwa kumtaja Mungu, unafuata mizani na vina, na unaghanwa ili kuikuza imani. Hadhira inaujua utanzu inaousikiliza.

Brown anafanya jambo jingine. Kabla ya hadithi kuanza, ameweka ukurasa unaodai kwamba Prieuré de Sion ni jumuiya halisi iliyoasisiwa mwaka 1099, na kwamba maelezo ya sanaa, majengo na nyaraka riwayani ni sahihi. Kwa hakika, jumuiya hiyo ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na nyaraka zilizohusishwa nayo ni za kughushi. Ukurasa huo hausemwi na mhusika. Ni kauli ya mwandishi kwa msomaji. Kinga ya ubunifu haiufikii.

Athari yake huenea hadi ndani ya hadithi. Mhusika Teabing anadai kwamba uungu wa Yesu ulipigiwa kura katika Mtaguso wa Nikea, mwaka 325. Mtaguso huo ulijadili mafundisho ya Arius kuhusu uhusiano wa Mwana na Baba; barua za Paulo, zilizoutangulia kwa zaidi ya karne mbili, tayari zinamwita Yesu Bwana. Yamkini mtu atajibu kwamba Teabing hatimaye anafichuliwa kuwa mhalifu. Lakini msuko unamhukumu kwa vitendo vyake, si kwa hoja zake, na Langdon, shujaa tunayeongozwa kumwamini, hazikanushi. Ukurasa ule haukutaja mitaguso; msomaji ndiye huipanua ahadi yake.

Mwaka 2005 Kadinali Tarcisio Bertone aliwahimiza waumini wasiinunue wala kuisoma riwaya hii. Ushauri huo haumfundishi msomaji kupambanua. Riwaya ina haki ya kuihoji imani, na imani iliyokomaa haina budi kuhojiwa. Lakini anayehojiwa kwa ushahidi wa kughushi amedhulumiwa, hata kama hatimaye imani yake haikutetereka. Kumwonyesha msomaji mpaka kati ya kauli ya mhusika na ya mwandishi ni kazi ya mhakiki. Tutakapoendelea kuibeza fasihi pendwa, kazi hiyo itabaki bila wa kuifanya.