Makofi Mawili

Iko roba ya kibaka na iko roba ya judo. Mkono ni uleule na shingo ni ileile. Inabana mishipa ya damu ubavuni mwa shingo, na mtu anaweza kuzimia kwa sekunde 10 hivi. Basi tofauti yake nini?

Mwalimu wetu alisema ni kofi. Ukizidiwa, unampiga mwenzio makofi mawili mepesi, au unapiga mkeka, naye anaachia palepale. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, mbinu alizitoa kwenye jujutsu, lakini alifundisha kwamba wanaofanya mazoezi wafaidike wote wawili. Maneno matamu. Mimi mwenzenu niliyaelewa siku niliyoyavunja.

Nilikuwa nimemkaba rafiki yangu, yule aliyeicheka hadithi yangu mbele za watu. Akapiga. Nikasikia, sikuachia. Mikono yake ilipolegea ndipo nikashtuka. Alipozinduka akauliza, "Oya, mbona mmenizunguka?" Mwalimu akamgombeza yeye, eti kachelewa kupiga. Na mimi, jamani, nikanyamaza.

Wapo watakaosema aliyekanyaga mkeka ameshakubali hatari. Sawa, alikubali kuanguka, hata kuteguka bega. Lakini shingo aliniazima tu, tena kwa sharti, na sharti lenyewe nililisikia kwa ngozi yangu mara mbili.

Jumamosi tuna mazoezi. Ataniletea shingo ileile, na bado sijamwambia.