Kasuku Ni wa Nani?

Weka meli mbili za maharamia mezani, zote za kuchezea, zote za plastiki. Moja ni ya Playmobil, kampuni ya Ujerumani iliyoanza kuuza meli kama hiyo mwaka 1978. Nyingine ni ya LEGO ya Denmark, waliokuja na yao 1989. Ukipitia seti ambazo kampuni hizi mbili zimetoa tangu hapo, utakutana na vitu vilevile: bendera nyeusi yenye fuvu, mizinga, kasha la hazina, jamaa mwenye mguu wa mti, mwingine aliyeziba jicho kwa kitambaa. Na kasuku. Lazima kasuku awepo.

Sasa nani amemwibia mwenzake?

Jibu la haraka ni kwamba LEGO alikuja nyuma, basi mwizi ni yeye. Lakini ngoja kwanza. Playmobil nao walimtoa wapi haramia wao? Si baharini. Haramia huyu tunayemjua ametoka sana kwenye riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883 na ambayo Waswahili waliipata kwa jina Kisiwa Chenye Hazina. Ramani ya hazina, kasuku begani, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja, yote yamo humo. Na Stevenson mwenyewe, kwenye makala ya mwaka 1894, alisema waziwazi kwamba kasuku alikuwa wa Robinson Crusoe, kiunzi cha mifupa kilitoka kwa Edgar Allan Poe, na mengine mengi aliyachota kwa Washington Irving. Hata ule mguu una historia: rafiki yake, mshairi W. E. Henley, alikuwa amekatwa mguu.

Yaani ukimfuata kasuku nyuma, unakutana na mkopaji, kisha mkopaji mwingine, na safari haiishi.

Swali hili linanigusa kwa sababu mimi nakula kwa maneno. Naandika maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno, na kila kazi lazima ipitie programu ya kupima imefanana na nini. Kuna wiki nilipewa meli za maharamia za kampuni mbili. Ukishaandika "mizinga" na "hazina" kwa ile ya kwanza, ya pili utaisemaje? Programu ikanipakia rangi nyekundu kila mahali. Chuoni pia, kabla sijaacha, wizi wa maandishi tulifunzwa kama asilimia. Chini ya kiwango fulani uko sawa, ukipita wewe ni mwizi.

Lakini hapa Nairobi tunajua kitu ambacho programu haijui. Kuna vijana wengi wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha mpya kabisa. Ukizipima, kufanana ni karibu sifuri. Hakuna sentensi iliyoibwa, na bado jina lililo juu ya karatasi ni uongo. Kwa hivyo vitu viwili vinaweza kufanana bila mtu kudhulumiwa, na kitu kinaweza kuwa cha kipekee kabisa na bado kikawa udanganyifu. Asilimia haikwambii ni nani anadai.

Tofali la LEGO lenyewe ni mfano mzuri. Kabla yake kulikuwa na tofali la plastiki la Kiddicraft, la Mwingereza anayeitwa Hilary Fisher Page. LEGO waliliona, wakalirekebisha, wakaanza kuuza lao mwaka 1949. Page akafa 1957. Januari 1958 LEGO wakaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine, kwa tofali lenye mirija ndani. Tuwe wakweli, mirija hiyo si mchezo. Ndiyo iliyofanya matofali yashikane vizuri hadi leo. Na mwaka 1981 walinunua haki za tofali la Kiddicraft.

Hadi hapo sina ugomvi nao. Walichukua, wakaongeza, baadaye wakalipa. Tatizo langu linaanza pale hataza zilipoisha na Mega Bloks wa Kanada wakatengeneza matofali yanayoshikana na ya LEGO. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kanada. Mwaka 2005 majaji wakasema umbo linalofanya tofali lifanye kazi haliwezi kugeuzwa alama ya biashara ili ukiritimba uendelee milele. Naona walikuwa sawa, na si kisheria tu. Huwezi kunywa kisimani kwa mwenzako halafu ukakifunika.

Utaniambia ni rahisi kusema hivyo kama si kitu chako kinachoigwa. Ni kweli. Fundi wa jua kali pale Kamukunji akibuni jiko leo, wiki ijayo jirani analo, bei imeshuka. Hilo ni tumbo la mtu, si falsafa. Na kuna kuiga ambako hakuna hata cha kujadili: Lepin, kule Uchina, walinakili seti za LEGO kipande kwa kipande, na mwaka 2020 mahakama ya Shanghai ikawafunga waliohusika. Hao hawakuongeza chochote. Fundi ana haki ya kula jasho lake kwanza, ndiyo maana hataza zipo. Pia ndiyo maana zina mwisho.

Kwa hivyo mimi naona kuiga ni deni kabla halijawa wizi. Unalilipa kwa kuongeza kitu, kwa kumtaja uliyemkopa, na kwa kumwachia anayekuja nyuma nafasi uliyoachiwa wewe. Stevenson hakupoteza chochote kwa kumtaja Crusoe. Bado tunamsoma yeye. Ninapouliza "hii ni orijino ama ni feki?" mara nyingi nauliza bei tu. Swali gumu ni nani yuko ndani ya kitu hiki na hatajwi.

Basi siku ukikanyaga tofali la plastiki usiku bila viatu, kabla hujawatukana LEGO, mkumbuke pia Hilary Fisher Page. Ana fungu lake.