Ukingo wa Paa na Telefone Mkononi



Someni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Mungu anaagiza kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa. (Paa za kwao zilikuwa tambarare, watu walikaa juu yake.) Mtu akianguka pasipo ukingo, damu yake inadaiwa nyumba ile. Angalieni: ukingo unawekwa mbele, kabla mtu hajaanguka. Wala Mungu hakukataza kujenga.

Leo wanadamu wanajenga vitu vipya kila siku. Ndani ya telefone mnazoshika mna tantali, inayotunza umeme katika vifaa vidogo kuliko punje ya mtama. Tantali inatoka katika koltani, na koltani iko kwetu Masisi, huko Rubaya, njia ya Sake na Mushaki wanayopanda vijana wetu. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafula katika soko la dunia, watu wakaacha jembe. Mwaka 2001 ikaanguka. Mashimo yalibaki.

Nani aliweka ukingo? Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria, kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo. Magunia yakafungwa etiketi. Lakini mwezi wa nne 2024 M23 waliishika Rubaya, na mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba koltani ile inavushwa mpaka Rwanda, inachanganywa na ya kule. Tena hata etiketi ya kweli haisemi nani alifunikwa na udongo siku ya mvua.

Wengine wanasema telefone ni za Shetani, tuzitupe. Mimi sikubali. Kwa telefone hiyo mama mkimbizi anapata habari za watoto wake. Wengine wanataka tukatae zaka ya mchimbaji. Hilo ni baya zaidi, maana yeye ndiye anayeanguka! Mwenye nyumba ni mwenye kampuni, ni mnunuzi, ni mwenye shimo. Na baba anayemtoa mtoto shuleni akabebe magunia, naye ni mwenye nyumba.

Jumapili, baada ya maombi ya wagonjwa, wazee watakaa na vijana waliorudi kutoka machimboni. Kila mmoja atuambie shimo lake linashuka mpaka wapi, lina miti ya kushikilia udongo au halina, na watoto wangapi wanaingia humo.