Je, Ni Haki Kukililia Ulichokiacha Mwenyewe?



Safari hii naomba tuongee juu ya saa ya mkono. Najua wapo watakaosema, "Jamani, tuna shida ngapi, na huyu anatuletea habari za saa!" Nivumilieni kidogo, kwani ndani ya habari hiyo mna swali ambalo mimi na mzee mmoja jirani yangu tumebishana juu yake jioni nyingi.

Saa yenyewe ni ya India. Nchi ile ilipata uhuru mwaka 1947, na mwaka 1953 serikali yake ikaanzisha kampuni ya kutengeneza mashine za viwandani, Hindustan Machine Tools, kwa kifupi HMT, katika mji wa Bangalore ambao siku hizi unaitwa Bengaluru. Mwaka 1961 kampuni hiyo ikaanza kutengeneza saa za mkono, ikifundishwa kazi na kampuni ya Citizen ya Japani. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru ndiye aliyezitoa rasmi zile za kwanza. Kabla ya hapo mtu aliyetaka saa nzuri alitafuta ya ng'ambo, na nyingine ziliingizwa kwa magendo.

Iliyopendwa kuliko zote iliitwa Janata, maana yake watu wa kawaida, umma. Haikuwa na betri. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo: kila asubuhi unazungusha kile kitufe cha pembeni kwa vidole viwili mpaka kigome, basi itakwenda hadi kesho yake. Zilikuwapo na nyingine: Pilot yenye uso mweusi, Sona iliyo nyembamba, na Kanchan iliyojijaza yenyewe kwa kutikisika mkononi, ambayo ilitafutwa sana wakati wa harusi. Walitengeneza hata saa ya wasioona, ambayo mtu hufunua kioo na kupapasa mishale kwa kidole. Viwanda viliongezeka, Tumkur, Srinagar na Ranibagh kule chini ya milima. Kijana aliyefaulu mtihani alifungwa HMT mkononi na baba yake. Bwana harusi alipewa HMT. Mfanyakazi aliyestaafu aliagwa kwa HMT. Kwa kizazi kizima, saa na HMT lilikuwa neno moja.

Halafu mwaka 1984 ikaundwa kampuni nyingine, Titan, ya kundi la Tata pamoja na shirika la jimbo la Tamil Nadu, na kufika mwaka 1987 saa zake zilikuwa madukani. Zilikuwa za betri, nyembamba, za kupendeza, na maduka yenyewe yalikuwa na taa nzuri. Mwaka 1991 India ikafungua milango ya biashara, na za ng'ambo nazo zikaingia. HMT ilichelewa kuacha saa za ufunguo, ikala hasara mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2014 zilipoenea habari kwamba inafungwa, watu wakakimbilia madukani kugombea zilizobaki, na bei ikapanda. Januari 2016 baraza la mawaziri likaidhinisha kampuni ya saa za HMT ifungwe.

Basi ndugu zangu, hapa ndipo lilipo swali. Wale waliogombea saa za mwisho, wakaandika kwa uchungu juu ya baba zao na ile Janata, walikuwa wapi miaka ishirini iliyotangulia? Wengi wao walikuwa na saa ya betri mkononi. Kama wangeendelea kuinunua, isingekufa, au ingekufa baadaye sana. Je, mtu ana haki ya kukililia kitu ambacho yeye mwenyewe alikiacha?

Mimi mwanzoni nilisema hana. Nilimwambia mzee wangu kwamba kilio hicho ni unafiki. Tena nikaongeza kwamba wanalilia kitu ambacho hakikuwa kizuri kama wanavyosema. Ilikuwa rahisi HMT kupendwa wakati njia nyingine zimefungwa. Mwanamume ambaye hajaona mwanamke mwingine asijisifu kwamba ni mwaminifu.

Mzee alicheka, akasema, "Mwanangu, unawahukumu upesi. Mtu aliyeliacha shamba lake akaenda kutafuta mshahara mjini analia akilikumbuka. Na mtu aliyefukuzwa shambani kwake kwa panga analia. Utamwambia yule wa kwanza anyamaze kwa kuwa hakufukuzwa?"

Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Lakini asiseme alinyang'anywa."

Nadhani hapo ndipo tulipokaribiana. Kununua saa ya betri si dhambi. Kampuni haina haki ya kupendwa milele kwa sababu tu ilianza kwanza, na anayenunua hakula kiapo. Mtu anaweza kufanya uamuzi ulio halali na bado uamuzi huo ukamgharimu kitu alichokipenda. Kilio chake ni cha kweli. Kinachokiharibu ni pale anapojitoa ndani ya habari na kusimulia kana kwamba jambo lilitokea lenyewe usiku wakati yeye amelala.

Sisi tunaokaa mbali na tulikozaliwa tunaijua hatari hii. Kumbukumbu hupaka rangi. Na hapa niwasimulie jambo la ajabu. HMT zilipokwisha kuwa adimu, mafundi wa mitaani huko India walichukua mashine za zamani, wakazivika uso mpya uliopakwa rangi kali, nyekundu, buluu, kijani, na kuziuza kwa wapenzi wa vitu vya kale, hata wa Ulaya na Marekani. Nyuso nyingine hazikutoka kiwandani hata siku moja. Mnunuzi anafurahi, anadhani ameshika mkononi miaka ya 1970. Mashine ndani ni ya kweli, inatembea. Uso ndio uliotengenezwa kwa kumfurahisha.

Nikiwasikiliza wanaoisifu HMT naona wanausifu uso huo. Kuna mambo hawayataji. Kiwanda cha Srinagar kilikuwa Kashmir, na machafuko ya huko yalipopamba moto, mwaka 1990 meneja mkuu wake alitekwa nyara akauawa. Hilo nalo ni sehemu ya habari ya saa hiyo. Na uamuzi wa mwaka 2016 ulikuja na mpango wa wafanyakazi kuondoka kwa hiari, malipo yao yakihesabiwa kwa kiwango cha mishahara cha mwaka 2007. Mtu aliyekaa miaka thelathini akipanga vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama aliondoka na hesabu hiyo. Waliogombea Janata ya mwisho dukani walilipa zaidi ya bei yake, na nyongeza ile ilikwenda kwa mchuuzi.

Hili ndilo linaloniuma kuliko suala la unafiki. Ukisema kitu fulani kilikulea, kilikuwa pale baba alipokufunga mkononi ukiwa na miaka kumi na sita, basi unakiri deni. Lakini saa haiwezi kulipwa deni, ni chuma. Aliyekuwa na uwezo wa kulipwa ni yule aliyeitengeneza, na alikuwa bado hai, mjini palepale. Mzee hakubali. Anasema nawatwika watu mzigo mzito mno, kwamba fundi alishalipwa siku saa iliponunuliwa, na kwamba kama kila kilio kitageuzwa kuwa deni, watu wataogopa kukumbuka.

Sasa huko Bengaluru kuna jumba la makumbusho la HMT, lililofunguliwa mwaka 2019. Nilipomwambia mzee habari hiyo alitaka kujua jambo moja tu: kama wale waliokuwa wakizipanga saa hizo wakienda kuziangalia wanatozwa kiingilio.