Kubali ya Nani?

Tukiwa Korogwe, niliazima simu ya mama nikatafuta dalili za mimba. Tovuti ikaniuliza kuhusu vidakuzi. Nikabonyeza "Kubali" bila kusoma. Nikafunga ukurasa, nikidhani nimeifunga na siri yangu. Kumbe kidakuzi hubaki ndani ya kivinjari, kikiitambulisha simu ile ile kwa watangazaji kwenye tovuti nyingine.

Tulipofika Handeni, mama aliletewa matangazo ya nepi. Hakuuliza. Alinitazama tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaitambua ridhaa ya mhusika. Mhusika ni nani: mwenye simu au mwenye kidole? Mimi nilimkubalia mama jambo ambalo hakuulizwa. Sasa hufuta vidakuzi kabla ya kurudisha simu. Lile tazamo silifuti.