Haki ya Kushika Usukani

Msomaji kijana, mtu akisimama juu ya miinuko ya Ewuaso Kedong, huko Kajiado, na kutazama bondeni mpaka mlima Suswa, haoni bahari. Huona nyasi zilizokauka, migunga, mifugo, na vumbi la mifugo hiyo. Maji mahali kama hapo ni kitu cha kuchotwa kwa ndoo na kutunzwa kwa hofu, wala si njia ya kusafiria. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba leo tutazungumza habari za feri, visiwa na manahodha, huenda ukadhani kuwa tumekosea mlango. La, hatukukosea. Swali lililo mbele yetu lina makao bara na pwani sawasawa, nalo ni hili: kazi inapozuka mahali, ni nani mwenye haki ya kuishika? Ni mzaliwa wa mahali pale, au ni mjuzi atokaye kokote?

Swali hili si geni bondeni. Reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Nairobi kuelekea Suswa, ambako garimoshi lilianza kufika mwaka 2019, vijana wengi walilitamka, wengine kwa upole na wengine kwa hasira. Nami nimechagua kulijibu kwa mfano wa feri kwa sababu moja. Katika kazi nyingi kosa la asiyejua laweza kufichika kwa miezi au miaka. Juu ya maji halifichiki. Mwalimu mbaya huharibu darasa polepole, na mwashi mbaya huacha ukuta wenye ufa. Nahodha asiyejua aweza kuzamisha watu kwa dakika chache, na hapana wa kumrudishia kazi yake airekebishe.

Itazame feri ya Likoni, Mombasa. Alfajiri maelfu ya watu hushuka mteremko na kuingia: wachuuzi, wanafunzi, wapagazi, wagonjwa waendao hospitali. Hakuna hata mmoja amwendeaye nahodha na kumtaka aonyeshe cheti chake. Wote husimama wakibanana, wakiamini kwamba aliyeko juu anaijua kazi yake. Imani hiyo ndiyo iitwayo amana. Abiria amemkabidhi mwenziwe uhai wake pasipo hati wala shahidi. Basi mtu anapodai usukani hadai mshahara tu; adai kukabidhiwa roho za watu. Dai la namna hiyo halitimizwi kwa kusema, "Mimi ni mzaliwa wa hapa."

Ziwa Victoria lilitupa somo chungu juu ya neno hili. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu 101. Kilipokaribia gati kilipinduka, na waliokufa walikuwa 228, zaidi ya mara mbili ya idadi yote iliyoruhusiwa kupanda. Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, alilitangazia taifa kwamba habari za awali zilionyesha kuwa nahodha hakuwamo chomboni, na usukani aliachiwa mtu asiyefunzwa vya kutosha. Katika saa ile hapana aliyejali kama mshika usukani alizaliwa Ukara au ng'ambo ya dunia. Kilichohitajika kilikuwa ujuzi na uaminifu, na vyote viwili vilikosekana.

Lakini usikimbilie kukata shauri. Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Watu wa pwani na wa visiwa wamesafiri kwa pepo za kaskazi na kusi tangu enzi za mababu, na elimu yao ya maji, mawimbi na miamba si ya kubezwa. Watu hao wakiona meli za kisasa zikifunga gati mbele ya nyumba zao, nao wakiachiwa kubeba mizigo tu, wana sababu ya kunung'unika. Jamii ambayo daima ni abiria katika maji yake yenyewe hugeuka mgeni nyumbani kwake. Tena siku mgeni mjuzi atakapoondoka, ataondoka na ujuzi wake, na chombo kitabaki gatini. Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ajaye na elimu, akaondoka nayo yote, hakumponya mwenyeji.

Wako wasemao kwamba dawa ya mambo haya yote ni ushindani. Waruhusiwe wenye vyombo wengi, wasema, na kila mmoja atajitahidi kumpita mwenziwe, na abiria atafaidika. Neno hili lina ukweli ndani yake. Kati ya Dar es Salaam na Unguja kampuni zaidi ya moja hugombania abiria kwa boti ziendazo kasi, na safari huchukua muda wa saa mbili hivi. Walakini ni katika maji hayo hayo, karibu na kisiwa cha Chumbe, ndipo MV Skagit ilipozama tarehe 18 Julai 2012. Boti hiyo iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, katika jimbo la Washington, nayo ikaletwa kuikabili bahari iliyo wazi. Ushindani uliongeza chombo, haukuongeza usalama.

Je, basi, ushindani ndio mkosaji? Hapana. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, huko Mombasa, ilipinduka kwa kujazwa kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Feri ile ilikuwa ya shirika la umma, wala hapakuwa na mfanyabiashara wa kushindana nayo. Kwa hiyo kushindana peke yake hakuokoi, na kukosa mshindani hakuokoi vile vile. Huokoa mtu aliyefunzwa, ambaye dhamiri yake humwezesha kusema, "Chombo kimejaa, sing'oi nanga," hata kama tajiri wake amekasirika na abiria wanapiga kelele.

Mtu huyo hapatikani bure. Hapo ndipo lilipo fundo la jambo letu. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1978 juu ya mafunzo ya mabaharia, pamoja na marekebisho yake, humtaka kijana anayetafuta cheti cha afisa wa zamu katika meli kubwa awe amehudumu baharini miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Asiye na mafunzo hayo hutakiwa miezi 36. Vyuo tunavyo: Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Lakini chuo hakiwezi kumpa mwanafunzi bahari darasani. Ni lazima mwenye meli akubali kumpa nafasi chomboni. Akimnyima, kijana hubaki nchi kavu na karatasi zake; kisha mwenye meli husema, "Wenyeji hawana uzoefu," akaajiri watu wa mbali. Mtu huyu amefunga mlango kwa mkono wake, kisha astaajabu kwamba hakuna aingiaye.

Mwenye meli atajitetea kwamba kufundisha ni gharama. Atasema: "Nikimlisha na kumfundisha mwanafunzi mwaka mzima, jirani yangu asiyefundisha atauza tikiti kwa bei nafuu, na mwisho atamvuta mwanafunzi wangu kwa mshahara mkubwa zaidi." Utetezi huu si wa uongo, na hauponywi kwa mawaidha. Huponywa na sheria iliyo sawa kwa wote: kila mwenye chombo achukue wanafunzi kwa kadiri ya ukubwa wa kazi yake. Hapo mzigo utakuwa wa wote, na ushindani utakuwa wa haki, maana utakuwa juu ya nani ahudumuye vizuri zaidi, wala si juu ya nani akwepaye wajibu zaidi.

Sasa turudi bondeni, maana jibu la swali letu limekaa huko siku zote. Kwa desturi ya Wamaasai mtoto mdogo hapewi kundi la ng'ombe. Huanza na ndama na wana-kondoo karibu na boma, mbele ya macho ya wakubwa. Akikua hupelekwa mbali zaidi, akajifunza malisho, visima, na nyayo za simba. Mzee mwenye busara hasemi, "Huyu amezaliwa hapa, mpeni kundi." Wala hasemi, "Huyu hajui, tumtafute mgeni wa kuchunga." Husema, "Njoo, tufuatane." Katika maneno hayo mawili mna haki ya mtoto na usalama wa ng'ombe pamoja.

Hilo ndilo jibu langu, msomaji. Kuzaliwa mahali hakumpi mtu haki ya usukani. Humpa haki ya kufundishwa kuushika. Anayemnyima mwenyeji mafunzo amedhulumu, na mwenyeji anayedai cheo bila mafunzo amedhulumu vile vile, isipokuwa aliyedhulumiwa katika dhuluma hii ya pili ni abiria, ambaye hakuwapo shauri lilipokatwa.

Yamkini wewe usomaye hujapata kuiona bahari. Haidhuru, maji hayamwulizi nahodha kabila lake, na mlango wa elimu ya bahari haupasi kufungwa kwa mtoto wa wafugaji. Na hata kama hutakwenda baharini kamwe, siku moja utakabidhiwa watu: darasa, zahanati, basi, au baraza. Siku hiyo, kabla hujanyosha mkono kupokea, jiulize kama umefunzwa. Kama bado, omba ufundishwe, wala usione haya. Na ukiisha kujua, mtazame kijana aliye nyuma yako, umwambie, "Njoo, tufuatane."