Kimya na Upawa

Mwezi mpevu wa Vesaki, ambao aghalabu huangukia Mei, huikuta Sri Lanka imejipamba kwa taa za karatasi. Hiyo ndiyo sikukuu kuu ya Wabudha, inayokumbusha kuzaliwa kwa Budha, kuzinduka kwake na kufariki kwake. Lakini taa hazijawashwa bado, tangu alfajiri, waumini waliovaa nguo nyeupe huelekea hekaluni. Huko huweka ahadi nane za siku moja: kutoua, kutoiba, kujitenga na tendo la ndoa, kutosema uongo, kutotumia vileo, kutokula baada ya adhuhuri, kuacha ngoma, nyimbo na mapambo, na kutolalia kitanda cha fahari. Siku nzima huipitisha katika mawaidha, tafakuri na kimya. Ni faragha iliyo mfano wa itikafu.

Uzuri wa faragha hiyo hauna shaka. La kujiuliza ni hili: nani anayeibeba? Mama akaapo kimya chini ya mti wa hekalu, yuko binti aliyebaki na wadogo zake. Chakula kinacholiwa kabla ya adhuhuri hakikujipika. Aliyekipika alipuliza moto, moshi ukamwingia machoni. Je, utulivu uliopandishwa juu ya mgongo wa mwingine wastahili kuitwa utulivu?

Mafunzo ya Kibudha yana jibu. Matendo ya kheri hupangwa kwa daraja tatu: dana, yaani kutoa, sila, yaani mwenendo mwema, kisha bhavana, yaani kuulea moyo kwa tafakuri. Kutoa kumetangulizwa. Kwa hiyo mwenye upawa hayuko nje ya mlango wa ibada. Ndiyo sababu siku za Vesaki hujengwa dansala, vibanda vya kando ya njia ambamo kila mpita njia hupewa chakula bure, wala haulizwi jina wala dini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata hivyo, jibu hilo lina mtego. Anayejitolea kibandani amechagua. Je, na yule ambaye kila mwaka hukutwa jikoni? Kumsifu kwa thawabu zake huku mwingine akikaa kimya daima, ni kumfungia mlango kwa maneno matamu.

Ahadi nane zina mwisho: kesho yake asubuhi mwenye nguo nyeupe hurudi nyumbani, akayakuta masufuria. Huko ndiko kimya chake hupimwa. Na kwa kuwa nchini humo kila mwezi mpevu ni siku ya Poya, siku ya mapumziko na ibada, nafasi haichelewi kurejea. Mwezi ujao na ajifunge yeye kibwebwe, aushike upawa. Na yule binti akunjuliwe nguo nyeupe, aende akakae kivulini.